Sura ya Sita: Mashine Inayongoja

Kompyuta yenye Linux inapochukua dakika mbili au tatu kabla ya kumfikisha mtumiaji kwenye ukurasa wa kuingilia, mwenye nayo huhukumu kwamba mashine imezeeka, na fundi mwenye haraka huikubali hukumu hiyo, akafuta kila kitu na kuuweka mfumo upya. Mara nyingi, hata hivyo, mashine hiyo haikuwa ikifanya kazi polepole. Haikuwa ikifanya kazi yoyote, kwa sababu ilikuwa inangoja. Mashine inayofanya kazi polepole huhitaji nguvu zaidi, yaani kichakataji chenye kasi au kumbukumbu kubwa, ilhali inayongoja huhitaji kitu kimoja tu, nacho ni kuthibitishiwa kwamba inachokingoja kimefika au hakitakuja kamwe. Kwa hiyo kazi ya fundi katika sura hii ina maswali matatu: mashine inangoja nini, ni nani aliyeiamuru ingoje, na kwa nini kinachongojwa hakifiki.

Umeme, mitumba na vipuri vya Lubumbashi

Maswali hayo yana uzito wa pekee mjini Lubumbashi, kwa sababu mazingira ya mji huu huzaa sababu za kungoja kwa wingi. Umeme wa Katanga ulijengwa kwanza kwa ajili ya migodi: bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kuzalisha umeme mwaka 1930 ili kuhudumia uchimbaji na uyeyushaji wa shaba, na laini ndefu ya takriban kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982, ilikusudiwa vilevile kulisha mitambo ya madini. Mitaa ya Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi hupata umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kwa zamu zinazokatika, hali ambayo wakazi huiita kwa Kifaransa "délestage", na katika majira ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi huongeza ukatikaji mwingine usio na ratiba. Kila umeme unapokatika ghafla, diski iliyokuwa ikiandika husimamishwa katikati ya kazi yake. Kila unaporudi kwa mshtuko, vifaa vya kugawa umeme ndani ya kompyuta hupata pigo ambalo huenda lisionekane siku hiyo.

Jambo la pili ni asili ya mashine zenyewe. Nyingi zimekwisha kutumika nje ya nchi kabla ya kuingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na zikifika mjini huishi maisha ya kubadilishana viungo: diski ya mashine moja huhamishiwa nyingine, kebo iliyokwisha kupinda hutumiwa tena, na eneo la diski lililofutwa hubaki likitajwa katika mafaili ya mfumo kana kwamba bado lipo. Kubadilishana huko kuna hekima yake ya kiuchumi, na hakuna sababu ya kukudharau. Lakini kila kiungo kinachohama huacha nyuma jina lake, na ni majina hayo yaliyobaki bila wenyewe ambayo mashine hukaa ikiyangoja.

Jinsi mashine inavyowatambua wanachama wake

Kabla ya kutafuta kosa ni lazima kuujua mwendo wa kawaida. Kompyuta inapowashwa, programu iliyohifadhiwa katika ubao mkuu, inayoitwa BIOS katika mashine za zamani na UEFI katika mpya, hukagua vifaa vya msingi na kutafuta diski ya kuanzia. Kisha kipakiaji, ambacho kwa kawaida ni GRUB, huileta kerneli katika kumbukumbu. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo, sehemu inayosimamia vifaa vyote, na pamoja nayo hupakiwa mfumo mdogo wa muda uitwao initramfs, ambao kazi yake ni kuitafuta diski yenye mfumo kamili na kuifungua. Mfumo kamili ukishapatikana, programu iitwayo systemd, iliyoanza kutolewa mwaka 2010 na sasa kutumiwa na matoleo mengi ya Linux, yakiwemo Debian, Ubuntu na Fedora, huanzisha huduma nyingine zote kwa pamoja, kila moja ikingoja tu zile inazozitegemea.

Utambuzi wa vifaa hupita katikati ya hatua hizo kama uzi. Zamani saraka ya `/dev`, mahali ambapo Linux huweka majina ya vifaa, ilijazwa mamia ya majina ya vitu ambavyo vingeweza kuwepo, viwepo au visiwepo. Mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman alileta udev, programu inayopokea habari ya kila kifaa kutoka kwa kerneli kadiri kinavyojitokeza, ikakipa jina na kukitafutia kiendeshi chake, yaani programu inayojua kuzungumza nacho. Faida yake ilikuwa kwamba jina lingekuwepo pale tu kifaa kinapokuwepo. Gharama yake ilikuwa kwamba mpangilio wa majina ya kawaida ulitegemea nani ametangulia kujitokeza, hivyo diski iliyoitwa `sda` leo ingeweza kuitwa `sdb` kesho.

Ili kuepuka mkanganyiko huo, mifumo ya leo huitaja diski kwa kitambulisho kiitwacho UUID, namba ya biti 128 inayoandikwa kwa tarakimu 32 za msingi wa kumi na sita, ambayo hupewa kila eneo la diski linapotayarishwa. Kitambulisho hiki hakibadiliki diski ikihamishiwa tundu jingine, ila hubadilika eneo likitayarishwa upya, na hapo ndipo kungoja kwingi kunapozaliwa: mfumo umeandikiwa umngoje mtu fulani kwa jina kamili, naye amekwisha kuondoka.

Kupima kabla ya kugusa

Hatua ya kwanza ya fundi ni kupima. Amri ya `systemd-analyze` hutoa muda uliotumiwa na kila hatua, na katika mashine zenye UEFI huweza kuonyesha hata muda wa programu ya ubao mkuu na wa kipakiaji. Muda mkubwa ukiwa katika hatua hizo mbili za mwanzo, hakuna marekebisho ya Linux yatakayosaidia, kwa kuwa Linux yenyewe ilikuwa haijaanza. Mahali pa kutazama ni mipangilio ya ubao mkuu, ambamo aghalabu mashine imeamriwa ijaribu kuanzia mtandaoni, au katika diski isiyokuwepo, kabla ya kuifikia diski halisi.

Amri ya pili, `systemd-analyze blame`, huzipanga huduma kwa urefu wa muda zilizotumia kuanza, na huwapoteza wengi kwa sababu mbili. Kwanza, huduma nyingi huanza sambamba, hivyo huduma iliyochukua sekunde 20 huenda haikumchelewesha mtu yeyote. Pili, na hili ndilo kubwa kwa somo hili, amri hiyo hupima muda ambao programu ilikuwa katika hali ya kuanza, na kifaa hakina hali hiyo: kifaa huruka moja kwa moja kutoka kutokuwepo hadi kuwepo. Kwa hiyo mashine inaweza kupoteza dakika moja na nusu ikingoja diski, na orodha ya `blame` isimtaje mkosaji hata kidogo. Anayetafuta kungoja kwa vifaa atasaidiwa zaidi na `systemd-analyze critical-chain`, inayofuata mnyororo wa nani alimngoja nani, na hasa na kumbukumbu zilizoandikwa na kerneli.

Kumbukumbu hizo husomwa kwa `dmesg` au kwa `journalctl -b -k`. Katika `dmesg` kila mstari hutanguliwa na namba ndani ya mabano ya mraba, ambayo ni sekunde zilizopita tangu kerneli ianze, na ustadi wote uko katika kutazama namba kabla ya maneno. Mistari ikitoka 2.1 kwenda 2.3 kisha 2.6, mambo yanaenda. Ikiruka ghafla kutoka 3.4 hadi 34.0, fundi amepata pengo, na jibu kwa kawaida limo katika mstari ulio kabla ya pengo au ule unaolifuata.

Hapa pana kikwazo ambacho kinafaa kutajwa wazi. Mashine za Lubumbashi huwekwa kwa Kifaransa, fundi alisoma shuleni kwa Kifaransa, na mazungumzo yake na mteja huenda kwa Kiswahili, lakini ujumbe wa kerneli hautafsiriwi na hutoka kwa Kiingereza daima, hata mfumo uwe umewekwa kwa lugha gani. Wengi huufumbia macho ukurasa mzima kwa sababu hiyo, ilhali maneno yanayohitajika ni machache: lile la kushindwa, lile la muda kwisha, lile la kiungo, na namba za makosa, ambazo hazina lugha. Namba −110 maana yake ni kwamba muda wa kungoja umekwisha. Namba −2 maana yake ni kwamba faili lililotafutwa halipo. Anayezijua hizo mbili amekwisha kupata ufunguo wa sehemu kubwa ya kurasa hizo.

Kumngoja aliyeondoka

Aina ya kwanza ya kungoja ni ya diski isiyokuwepo tena. Faili la `/etc/fstab` ndilo orodha ya maeneo ya diski ambayo mfumo huamriwa kuyafungua unapoanza, na kila mstari hutaja eneo moja, mara nyingi kwa UUID yake. Diski ya pili ikiondolewa ili kusaidia mashine nyingine, na mstari wake ukaachwa, systemd hukaa ikimngoja mhusika kwa sekunde 90, ambazo ndizo kiwango chake cha kawaida, huku kwenye kioo saa ikihesabu karibu na kitambulisho kinachongojwa. Muda ukiisha, mfumo unaweza kukataa kuendelea na kumwacha mtumiaji katika hali ya dharura.

Tiba ni kulinganisha orodha mbili. Amri ya `lsblk -f` huonyesha diski zilizopo na vitambulisho vyake, na `findmnt --verify` hulikagua faili la `/etc/fstab` na kutaja mstari usiopatana na hali halisi. Mstari wa diski iliyoondoka moja kwa moja hufutwa, au bora zaidi huwekewa alama ya `#` mwanzoni ili ubaki kama kumbukumbu. Mstari wa diski inayokuja na kuondoka, kama ile ya nje inayobebwa kati ya nyumba na ofisi, huongezewa neno `nofail`, linaloruhusu mfumo kuendelea bila kuisubiri, na pengine `x-systemd.device-timeout=10s`, linaloweka kikomo kifupi kwa kungoja kwenyewe.

Aina ya pili inafanana na ya kwanza ila imejificha zaidi. Katika Debian na Ubuntu, initramfs hukumbuka eneo la swapu, yaani eneo la diski linalotumika kama nyongeza ya kumbukumbu, kwa sababu mashine iliyolazwa usingizi mzito huandika hali yake humo. Eneo hilo likitayarishwa upya, UUID yake hubadilika, na initramfs huendelea kuiulizia ile ya zamani kwa takriban sekunde 30 katika kila uwashaji. Kinachowapoteza mafundi ni kwamba katika matoleo haya muda wa initramfs huhesabiwa ndani ya muda wa kerneli, hivyo `systemd-analyze` huonyesha kerneli iliyotumia sekunde 35, na mtu huanza kuilaumu kerneli isiyo na hatia. Faili la kurekebishwa ni `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, ambamo huandikwa kitambulisho kipya, au `RESUME=none` ikiwa usingizi huo hautumiki, kisha `update-initramfs -u` hujenga upya mfumo mdogo wa kuanzia.

Kumngoja aliyejeruhiwa

Aina ya tatu ndiyo inayostahili heshima kubwa kuliko zote, kwa kuwa kinachongojwa kipo, kinajaribu kujibu, na hakiwezi. Kerneli inapotaka kuzungumza na diski ya SATA huanzisha upya kiungo kati yao na kungoja jibu, na subira yake imeandikwa ndani yake kwa hesabu: sekunde 10 kwa jaribio la kwanza, kwa kuwa diski nyingi huwa zimekwisha kupata mzunguko wake kamili ndani ya muda huo, sekunde 10 nyingine kwa wachelewaji, sekunde 35 kwa wale wa nadra, na 5 za mwisho kama nafasi ya kuaga. Jumla ni dakika nzima kwa diski moja, na dakika hiyo ndiyo mtumiaji huiona kama kioo cheusi.

Katika `dmesg` hali hii hujitambulisha kwa mistari inayoanza na `ata1`, `ata2` na kuendelea, ikisema kwamba kiungo kinachelewa kujibu, kwamba `COMRESET` imeshindwa, au kwamba kasi imepunguzwa kutoka gigabiti 6 au 3 kwa sekunde hadi 1.5 ili mazungumzo yaweze kuendelea. Mstari unaosema tu kwamba kiungo hakipo haupaswi kumtisha mtu, kwa maana mara nyingi huhusu tundu tupu ambalo halijawahi kuwekewa kitu.

Mkosaji anaweza kuwa kebo, tundu, umeme au diski yenyewe, na kila mmoja hujaribiwa peke yake. Kebo ya data ya SATA ina migusano saba, minne ya data na mitatu ya ardhi, na uhai wake wote uko katika nyuzi nyembamba za shaba na migusano isiyo na vumbi wala kutu. Katika mji ambao shaba, au mukuba kama wengi wanavyoiita, ndiyo iliyoujenga, kuna somo la unyenyekevu kwamba mashine nzima husimama dakika moja kwa sababu ya ncha ndogo ya metali isiyogusana vizuri na mwenzake. Fundi huichomoa kebo na kuirudisha, kisha hutumia nyingine, kisha tundu jingine, kisha waya mwingine wa umeme, akipima upya baada ya kila badiliko moja. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja anaweza kuiponya mashine, lakini hatajua alichoponya.

Amri ya `smartctl -a`, iliyomo katika mkusanyo wa smartmontools, husoma historia ambayo diski hujiandikia yenyewe. Hesabu ya `UDMA_CRC_Error_Count` ikiwa inaongezeka kati ya leo na wiki ijayo, lawama huelekea kwenye kebo, kwa sababu huhesabu data iliyoharibika njiani. Hesabu hiyo hairudi nyuma hata kebo ikibadilishwa, hivyo kinachotazamwa ni ongezeko. Hesabu za `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector` zikipanda, ni diski yenyewe inayopoteza sehemu za mwili wake, na hakuna kebo itakayoirudishia.

Wangojwa wadogo

Visababu vingine ni vidogo zaidi na hutatuliwa upesi. Kifaa cha USB kilichoharibika, kama kisoma kadi au flashi iliyosahaulika nyuma ya mashine, hujaribiwa mara kadhaa kabla ya kuachwa, na huacha namba −110 katika kumbukumbu. Jaribio la haki ni kuchomoa vyote isipokuwa kibodi na kipanya, kisha kuwasha tena. Kompyuta za mezani za zamani zinaweza kuwa na mpangilio unaosema kwamba zina kisoma diski laini ilhali hazina, na kerneli hukitafuta kisoma hicho hadi ikate tamaa, ikilalamika kuhusu `fd0`. Tiba ni kukizima katika BIOS.

Mipangilio ya BIOS yenyewe hulindwa na betri ndogo ya CR2032 yenye volti 3. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika BIOS hurudi katika usahaulifu wake wa kiwandani, visivyokuwepo huwashwa tena, na saa hurudi miaka nyuma, jambo linaloweza kuufanya mfumo wa mafaili uonekane kama ulitumika wakati ujao na hivyo kukaguliwa upya. Fundi anayekuta kosa lililotibiwa jana limerudi leo na aiulize betri kwanza. Mtandao nao huweza kungojewa kama kifaa: huduma ya `systemd-networkd-wait-online` husubiri hadi sekunde 120, na kompyuta ya mkononi yenye betri yake huzimaliza zote ikimsubiri ruta aliyezimwa na "délestage".

Maana ya sekunde tisini

Mwenye kufika hapa anaweza kushawishika kwamba tiba ya jumla ni kufupisha kila kungoja, kuandika `nofail` katika kila mstari na kushusha kila kikomo hadi sekunde 5, ili mashine ianze upesi na mteja aondoke ameridhika. Ushawishi huo ni wa hatari. Kungoja kwa ajili ya aliyeondoka ni jina la kufutwa tu. Kungoja kwa ajili ya aliyejeruhiwa ni taarifa. Diski ambayo mwezi uliopita ilijibu kwa sekunde 3 na leo inajibu kwa 20 inasema jambo kuhusu mwezi ujao, na anayeizima sauti hiyo bila kuisikiliza humnunulia mwenye mashine dakika moja kila asubuhi kwa bei ya vyote vilivyomo ndani yake.

Vilivyomo ni vya thamani. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika shule ya juu ya kompyuta ya Salama na katika taasisi nyingine za mji, mwanafunzi huhitimu kwa TFC, kazi ya kumaliza masomo inayoandikwa kwa miezi mingi, na si ajabu nakala yake pekee ikawa katika diski hiyohiyo moja. Ndiyo maana mpangilio wa kazi ya fundi haupaswi kuanza na tiba: pale `dmesg` inapoonyesha kiungo kinachoyumba, data hunakiliwa kwanza mahali pengine, kisha ndipo kebo huguswa, kisha vipimo hurudiwa na kuandikwa katika daftari pamoja na tarehe, ili mashine itakaporudi baada ya miezi sita kuwe na namba ya kulinganisha. Yule anayeweza kulinda mashine yake kwa kile ambacho Lubumbashi hukiita "onduleur", kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika, huwa amezuia sehemu kubwa ya majeraha hayo kabla hayajatokea.

Linux ina sifa moja ambayo fundi wa Katanga anaweza kuitegemea bila kulipia chochote: haifichi inachokingoja. Jina la anayengojwa, sekunde alizongojwa na namba ya kosa lake vyote vimeandikwa, na vinamngoja mtu avisome. Pengo kutoka 3.4 hadi 34.0 ni mahali ambapo mashine imeuliza swali na kukaa kimya ikingoja jibu; ni wajibu wa mwenye ujuzi kulisoma swali hilo kabla ya kunyoosha mkono kufuta.